Inchi Mbili za Mkanda Mkubwa

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, siku ya Alhamisi, nilikata inchi mbili za mkanda mkubwa wa kiwanda. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na kabla ya jua kuchwa siku hiyo daftari langu lilikuwa limetoa ushahidi dhidi yangu.

Ninyi vijana wa karakana mlioniomba niandike habari za kazi yangu mlitaka kujua nilivyotoka kwenye ukibarua hadi nikawa fundi mkuu. Hayo yamo kwenye mafaili ya ofisi, na karani aliyeyaandika ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Mimi nitawaandikia habari za mkanda, kwa sababu mikanda hamkuikuta, na kosa lenyewe bado mnaweza kulifanya kwa mashine nyingine.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya hamsini nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilitembea kutoka kwetu karibu na Litein hadi kiwanda kimoja cha chai upande wa Konoin, nikiwa na blanketi, chungu kidogo na kitabu cha mashine. Kitabu hicho nilikinunua sokoni kwa mzee aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia ugoro. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda na wateja. Zilizobaki nilizisoma kwa miaka miwili, neno kwa neno, nikitumia kamusi ya kuazima kwa mwalimu wa misheni, na nikaamini kwamba ninajua mashine.

Kiwandani nilipewa kwa Fundi Oloo, Mjaluo mrefu mwenye kidole kimoja kifupi, ambaye alikuwa ndiye mwenye mikanda. Siku hizo mashine hazikuwa na mota kila moja na yake. Palikuwa na injini moja katika chumba chake. Injini ilizungusha mkanda mkubwa wa ngozi, upana wa inchi kumi, uliopita kwenye tundu la ukuta na kuzungusha shafti, mtaimbo mrefu wa chuma ulioning'inia chini ya paa toka mwanzo wa kiwanda hadi mwisho. Kutoka kwenye shafti ile mikanda midogo ilishuka kwenye rola za kusaga majani, kwenye chekeche na kwenye feni ya draya, lile tanuri la kukaushia majani. Mkanda mkubwa ukisimama, kila kitu kinasimama, isipokuwa majani. Majani yakishapita kwenye rola hayamngoji mtu. Yanachacha, yanageuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba, na yasipoingia kwenye draya kwa wakati wake yanakuwa meusi na kunuka kama pombe iliyolala.

Juma langu la kwanza Oloo hakunipa hata bisibisi. Aliniketisha juu ya debe chini ya shafti.

"Sikiliza," aliniambia.

"Nisikilize nini, Fundi?"

"Ukijua, utaniambia."

Siku ya nne nilijua. Mkanda ulishonwa kwa kamba ya ngozi pale ncha zake mbili zilipokutana, na kila mshono ulipopita juu ya puli, gurudumu linalobeba mkanda, ulipiga kofi. Kila mkanda ulikuwa na kofi lake. Oloo aliweza kuwa nje anakunywa uji na akasema rola ya pili inataka kushonwa upya. Hakujua kusoma. Ukutani katika stoo yake kulikuwa na misumari tisa, na katika kila msumari kamba ya katani iliyopakwa nta, yenye kitambaa cha rangi yake. Kila kamba ilikuwa urefu wa mkanda mmoja. Mkanda ukikatika, alishusha kamba yake, akaulaza kando, akajua ni kiasi gani cha kuongeza. Mimi nilikuwa na futi ya chuma na daftari, na sitawaficha, nilizionea huruma zile kamba.

Mtu wa tatu ni Nyamweya, Mkisii, aliyetia oili kwenye beringi zote, vile vikalio ambamo shafti huzunguka. Alipanda ngazi na kopo lake mara sita kwa siku. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mke mmoja, na mtoto aliyezaliwa siku tisa kabla ya Alhamisi ile. Waliishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja. Mkataba wa nyumba ulikuwa mfupi: kazi ikiisha leo, ufunguo unarudi kesho. Yeye ndiye aliyenipa jina la Karani, kwa ajili ya daftari.

Jumatatu ya juma hilo Fundi Oloo alipata habari ya msiba wa ndugu yake akaenda kwao. Kabla ya kuondoka alinipeleka chini ya mkanda mkubwa.

"Huu usiuguse. Asubuhi utapiga kelele, utalegea, wewe upake nta na mwambie mtu wa injini aanze polepole. Hiyo midogo, shona unavyotaka. Huu unaningoja mimi."

"Ndiyo, Fundi."

Jumanne na Jumatano mkanda ulipiga kelele kama alivyosema. Ilikuwa ile miezi ya baridi, ukungu unaingia kiwandani kupitia madirisha ya ghorofa ya kunyaushia majani na kukaa humo kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Mkanda ulining'inia katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Nilipaka nta. Jumatano jioni nilifungua kitabu changu. Kilikuwa na jedwali: umbali kati ya puli mbili, na kiasi ambacho mkanda unaruhusiwa kulegea. Kikizidi, punguza. Alhamisi alfajiri, kabla injini haijawashwa, nilipanda ngazi na futi yangu nikapima. Ulikuwa umezidi. Nikafanya hesabu mara mbili, jibu likawa lile lile. Inchi mbili.

Nilitaka Oloo arudi akute kazi imefanyika. Huo ndio ukweli wote, na nimeutafuta mwingine kwa miaka mingi bila kuupata.

Nilikata, nikatoboa matundu kwa sindano nene ya viatu, nikashona vizuri. Kile kipande cha inchi mbili nilikitia mfukoni, kwa sababu ngozi nzuri haitupwi. Saa kumi na mbili na robo injini iliwashwa. Mkanda ulizunguka kimya, umenyooka, kofi lake dogo kama mtu anayebisha mlango wa wakwe.

Nyamweya alisimama akiwa na kopo lake. "Karani. Hii mkanda leo imenyamaza. Umeipatia dawa gani?"

"Nimeupima tu."

"Umeupima." Akacheka. "Oloo akirudi atakosa kazi, atauza samaki."

Lile neno lilinipendeza. Nililibeba kifuani hadi saa tatu.

Saa tatu ukungu uliondoka. Jua lilipiga mabati, na draya, iliyokuwa ikilishwa kuni tangu alfajiri, ilikuwa imepasha moto upande wote ule ambako mkanda ulipita. Saa nne na nusu kofi la mkanda lilitoweka. Mahali pake pakaja sauti nyembamba, kama waya wa ua upepo unapoupiga. Sikuwahi kuisikia. Nilisimama chini yake. Nilikuwa na njia moja ya kufanya, kwenda dirisha la chumba cha injini na kuinua mkono ili injini izimwe. Lakini rola zote zilikuwa zimejaa, na mkono ukiinuliwa Bwana wa kiwanda hushuka kutoka ofisini kuuliza ni nani aliyeuinua na kwa nini. Nikatoa daftari. Nikaandika: "Saa nne na nusu, sauti imebadilika." Nikalifunga.

Saa tano Nyamweya alishuka ngazi akipuliza kiganja.

"Beringi ya tatu inachoma."

"Umetia oili?"

"Sasa hivi. Na saa ile nyingine. Njoo ushike."

"Ongeza," nilimwambia. Sikupanda kushika.

Aliongeza. Alipanda mara nne ndani ya nusu saa. Mara ya mwisho alipanda na gunia lililoloweshwa maji akalilaza juu ya beringi, na mvuke ukapanda hadi kwenye mabati. Nilimwona, na nilijua. Mkanda uliokuwa umekunywa ukungu usiku kucha ulikuwa ukikauka na kujikunja, na kila ulivyojikunja ulivuta shafti upande wake kwa nguvu ambayo beringi haikutengenezwa kuibeba. Nilijua hivyo kabla sijawa na maneno ya kueleza. Nilianza kutembea kuelekea dirisha la injini. Nilitembea, sikukimbia, ili watu wasigeuke.

Saa tano na dakika hamsini madini laini yaliyo ndani ya beringi yaliyeyuka. Yalidondoka sakafuni matone meupe, moja, mbili, kisha mfululizo. Shafti ilipiga kelele mara moja na kukwama. Mkanda ulikatika kwenye mshono wangu na ncha yake ikaruka kama nyoka, ikapiga nguzo ya mbao karibu na ngazi. Nyamweya alikuwa juu ya ngazi ile. Alama iliyobaki kwenye nguzo ilikuwa upana wa kiganja kutoka palipokuwa kichwa chake.

Kisha kimya. Mtu ambaye hajafanya kazi kiwandani hajui ubaya wa kimya kile.

Bwana alishuka. Alikuwa mtu mwembamba, Mzungu asiyepaza sauti, na Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani. Aliangalia matone sakafuni, akaangalia beringi.

"Nani natia oili hapa?"

"Mimi, Bwana," Nyamweya alisema.

"Beringi naungua sababu ya oili hakuna. Leo wewe nasaidia kutengeneza. Kesho naleta funguo ya nyumba."

"Bwana, nilitia. Nilitia mara nne."

"Kesho. Saa sita." Akanigeukia. "Wewe naweza mimina beringi?"

Nilikuwa nimemwona Oloo akimimina mara mbili. "Naweza, Bwana."

Akarudi ofisini. Nilisimama na mkono wangu mfukoni, vidole juu ya kipande cha ngozi. Mdomo ulikuwa wangu na hakuna aliyekuwa ameufunga.

Nyamweya alimtuma jirani kwenye laini akamwambie mkewe. Kisha tulianza kazi, mimi na yeye, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Tuliinua shafti kwa jeki na magogo. Tulikwangua masalia. Yeye alichochea makaa chini ya kikombe cha chuma, mimi nilipaka udongo kuziba mianya ili madini yasivuje. Chini yetu, sakafuni, majani yaliyokuwa yamesagwa asubuhi yalikuwa yamelala katika safu zake. Watu wa chumba cha kuchachushia walikuwa wakiyageuza kwa mikono. Saa saba yalikuwa rangi ya shaba. Saa nane yalikuwa kahawia, na harufu ile nzuri, kama ya tunda lililoiva, ilikuwa imeshapita.

"Karani," Nyamweya alisema akiwa ameinamia makaa. "Wewe uliniona nikitia oili."

"Nilikuona."

"Basi utamwambia Bwana."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Tukimaliza."

Alichochea makaa. "Huyo mtoto ana siku tisa, na baridi hii. Kwetu ni mwendo wa siku mbili."

Nilimimina madini. Beringi ilipopoa tukaikwangua hadi ikakaa. Ikabaki mkanda.

Hapo ndipo nilipofika ukingoni. Ncha zilizochanika zilitaka kukatwa na pengo kuzibwa kwa kipande kutoka mkanda wa zamani uliokuwa stoo. Kipande cha urefu gani? Nikirudisha urefu wa asubuhi ile, beringi mpya itaungua kesho mchana kama ya leo. Nikiongeza inchi mbili zaidi, nitahitaji kueleza kwa nini mkanda unapaswa kuwa mrefu kuliko ulivyokuwa ulipokatika. Nilitandaza futi yangu sakafuni na kujifanya ninahesabu.

"Acha hiyo futi," Nyamweya alisema. "Kamba ya Oloo iko."

Alikwenda stoo akarudi na kamba yenye kitambaa chekundu. Tuliulaza mkanda kwenye sakafu, tukapanga pamoja nao vipande vyote vilivyochanika, hata vidogo, kama mtu anayeunganisha chungu. Kisha akanyoosha kamba kando yake. Alishika ncha yake, mimi ya kwangu. Kamba ilizidi mkanda.

Alikuja upande wangu akachuchumaa. Alipima lile pengo kwa vidole vyake viwili vya oili.

"Imepungua," alisema. "Na vipande vyote viko hapa."

Aliinua macho kunitazama.

"Karani. Nani alikata?"

Nilitoa kipande mfukoni nikakiweka pale. Kililijaza pengo. Kamba na mkanda vikaishia mahali pamoja.

Alikiinua, akakigeuza, akakirudisha pale pale. Nilidhani atanipiga, na ningeona ni haki.

"Mke wangu ameshafunga vyombo," alisema.

"Naenda ofisini sasa hivi."

"Wapi? Keti. Shona kwanza. Majani bado yanashuka kutoka juu, na ukienda sasa utarudi na mikono mibaya." Akanisukumia sindano. "Ukimaliza, tutaenda."

"Nitaenda mwenyewe."

"Sikukuuliza hivyo. Wewe uliniambia asubuhi niongeze oili. Mimi nitasimama mlangoni nisikie."

Nilishona kwa kufuata kamba ya Oloo. Saa kumi na moja na dakika kumi injini iliwashwa polepole, na mkanda ukapiga kofi lake la kawaida. Nyamweya alipanda ngazi, akaweka kiganja juu ya beringi ya tatu, akakiacha pale. Kisha akashuka na tukaenda ofisini.

Niliweka kipande cha ngozi na daftari juu ya meza ya Bwana. Nilisema nilivyofanya, kwa mpangilio, kuanzia jedwali la kitabu. Bwana alisoma ukurasa wa siku ile. Kidole chake kilisimama kwenye mstari mmoja.

"Hapa. Saa nne na nusu. Wewe nasikia sauti?"

"Ndiyo, Bwana."

"Halafu nafanya nini?"

"Niliandika."

"Wewe nasikia, naandika, halafu naacha." Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayejaribu kuelewa. "Sasa kuandika ni ya nini?"

Nimeulizwa maswali mengi katika miaka thelathini na mitatu ya kazi, mengine na wakaguzi waliotoka mbali. Hakuna lililonikalia kama lile.

Nyamweya alibaki na kazi yake na nyumba yake. Bwana hakumwomba radhi. Alimwambia tu ufunguo haina haja. Mimi nilipelekwa kulisha kuni kwenye draya kwa miezi minne. Kabla sijaenda niliambiwa nipime majani yote yaliyoharibika, niandike hesabu yake, niipeleke mezani.

Oloo alirudi Jumamosi. Alikuwa ameshasikia kila kitu njiani, maana habari kama hizo hupanda mlima haraka kuliko lori. Alinikuta kwenye kuni. Hakuketi.

"Uliupima saa ngapi?"

"Alfajiri, Fundi. Kabla ya injini."

"Ngozi inakunywa ukungu usiku kucha. Wewe umempima mtu anatoka mtoni, nguo zimelowa, halafu umesema ni mnene, umemkata."

"Kitabu hakikusema saa."

"Labda iko kwa ile karatasi ya ugoro," alisema. Aliwahi kuniona nikikisoma na akajua historia yake. Nilitazama uso wake nione kama ni mzaha, nisione.

Nilidhani atanikataza daftari. Badala yake, baada ya miezi yangu ya kuni kwisha, alinipa kazi moja: kila siku, mara nne, kabla ya jua, saa tatu, saa sita na saa kumi, nipime kiasi ambacho mkanda mkubwa umelegea, niandike saa, na niandike kama kuna ukungu, jua au mvua. Mwezi mzima. Mwisho wa mwezi nilimsomea. Mkanda mmoja, bila kuguswa na mtu, ulikuwa mikanda minne tofauti kwa siku. Kamba yake ya nta aliipima mchana, draya ikiwa moto, na alikuwa amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa mimi wala kitabu changu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa imekuwa daftari," akaenda kunywa uji.

Nyamweya hakunitaja tena kwa ubaya mbele za watu. Lakini kila asubuhi, miaka kumi na moja tuliyofanya kazi pamoja, alisimama chini ya beringi ya tatu na kuita, "Karani, njoo ushike." Nami nilipanda ngazi nikashika. Hata siku za homa nilishika. Mikanda ilipoondolewa na mota zikaja, niliendelea kuweka kiganja juu ya kila mota kabla ya chai ya saa nne, na baadhi yenu mlinicheka nyuma ya mgongo. Nilisikia. Sikuandika.

Siku ya kuagwa nilimpa kijana aliyeshika nafasi yangu vitu viwili. Cha kwanza ni kamba ya Oloo yenye kitambaa chekundu, ambacho sasa ni rangi ya udongo. Cha pili ni kile kipande cha ngozi. Bwana alinirudishia kipande hicho baada ya kusoma hesabu yangu ya hasara, akaniambia niinakili nyuma yake kwa wino. Wino umefifia lakini unasomeka: chai paundi mia sita na ishirini, madini ya beringi, ngozi, kuni. Jumla, shilingi elfu mbili mia tatu na kumi na nane, na senti hamsini.